Banda Lililopandishwa Kutoka Ziwani

Nyundo nimeiweka chini, mdomo bado. Kwa hiyo ninyi vijana mnaokuja hapa na pikipiki, mnazisimamisha juu ya mboga za mke wangu, mnatoa simu na kunionyesha picha za stoo zinazong'aa, kaeni kwanza. Swali lenu nalijua kabla hamjalitamka: "Baba, pale uani nijenge stoo, au ninunue iliyokwisha kujengwa?" Nimeulizwa hivyo Mbinga mjini, nimeulizwa Namswea, nimeulizwa hata Liparamba nilikokwenda kwenye msiba, marehemu mwenyewe bado hajatolewa ndani.

Siku hizi yapo mabanda ya bati, ya kuchomelea, unaletewa limesimama juu ya gari. Hayo sina ugomvi nayo, ila mkiweka kahawa humo wakati wa jua mtakuwa mmenunua oveni. Kwa wengi wetu huku, kununua stoo ni kununua banda la mbao lililo uani kwa mtu mwingine, kulibomoa ubao kwa ubao, kulipakia kwenye Fuso na kwenda kulisimamisha kwako. Kazi hiyo nimeifanya mpaka magoti yakagoma.

Uzuri wa kununua ni kwamba mbao zimeshakauka, zimeshamaliza ukaidi wao. Ukijenga kwa haraka utauziwa mbao za mlingoti mbichi, huo mkaratusi wetu, na mlingoti mbichi ni mtoto mtundu, leo umenyooka, mwezi ujao umegeukia kwa jirani. Nilimjengea katekista mmoja stoo ya namna hiyo nikiwa kijana mwenye kiburi. Kabla ya Krismasi kuta zilikuwa na nyufa ambazo kuku alipita bila kuinamisha kichwa. Katekista hakunigombeza. Alinishika mkono, akanizungusha stoo nzima, akasema, "Fundi, nilikuomba stoo, wewe umenipa kichanja." Sasa hivi watu wa pale wananiita Fundi Kichanja, na wengine hawajui hata jina lilikotoka.

Ubaya wa kununua ni kwamba hununui mbao peke yake. Unanunua na yote yaliyowahi kukaa humo. Fundi Kosmas aliyenifundisha kazi, mtu mfupi wa maneno machache, alikuwa na desturi moja ambayo sisi wanafunzi wake tuliicheka. Akiitwa kukagua banda, hatangulii kupima wala kugonga nguzo. Anaingia, anafunga mlango, anakaa gizani na pua yake. Kahawa ya maganda hunywa harufu, vijana. Iweke karibu na petroli ya pampu, itanuka petroli hadi kwenye kikombe cha mwonjaji. Iweke penye samaki, imekwisha. Kosmas akitoka alisema neno moja tu, "Chukua" au "Acha", na mara nyingine alisema "Acha" bila kueleza, ingawa banda lilikuwa zuri na halinuki chochote. Tulipomuuliza alisema hakupenda kukaa humo.

Sasa niwaambie la Mama Batilda, kwa sababu hilo ndilo linalonijia kila mtu akiniuliza swali lenu.

Batilda ni mjane, shamba lake liko upande wa Namswea, juu mahindi kwenye ngolo, yale mashimo yetu ya kulimia mlimani, kahawa bondeni. Mumewe alipokuwa hai kahawa ililala chumbani mwao. Baada ya msiba aliniita akasema, "Shikamoo, Fundi. Nimechoka kulala na magunia. Nitafutie pa kuyaweka." Alisema akicheka, lakini alikuwa na haraka ya kweli. Kahawa ilishaanza kuiva, vichanja vinangoja, na mbao kavu mjini zilikuwa hazipatikani. Kujenga kwa mbichi sikukubali, Fundi Kichanja alishajifunza. Nikamwambia tununue.

Picha ililetwa kwa simu kutoka kwa mtu wa ziwani anayeitwa Osmund, mfanyabiashara wa usipa, wale dagaa wetu wa Nyasa. Banda la mninga, bawaba nzima, bati zuri, anauza haraka. Niliposikia usipa pua yangu ilikataa hapo hapo, lakini Osmund aliapa kwamba samaki hawajawahi kuingia humo, ni nyavu tu. Nikateremka Mbamba Bay na gari la asubuhi, nikachukua pikipiki kuelekea kusini mpaka kijijini kwao.

Banda lilikuwa nyuma ya nyumba ya mama yake, mlango umetazama maji, yaani magharibi. Wanyasa wanajenga hivyo makusudi, mvuvi atoke mchangani na nyavu zake, aingie moja kwa moja bila kuzunguka. Mlango ulikuwa wazi. Ndani, juu ya ndoo iliyopinduliwa, alikaa bibi mmoja mwembamba na kitenge cha bluu. Huyo ndiye Bibi Hilda, mama yake Osmund.

"Shikamoo, mama," nikasema. "Naomba nifunge mlango kidogo, nikague."

"Marahaba, mwanangu. Funga. Mimi sitoki."

Nikafunga, tukakaa naye gizani. Nikavuta hewa kama nilivyofundishwa. Mbao kavu, uzi wa zamani, vumbi. Hakuna samaki. Nilikuwa karibu kusema "Chukua" moyoni, bibi akauliza polepole, "Unasikiliza nini?"

"Nanusa, mama. Sisikilizi."

"Mimi huwa nasikiliza," akasema.

Sijui kwa nini neno hilo lilinitoa humo. Nilifungua mlango kabla sijamaliza kazi yangu.

Osmund alinipeleka kando, kwenye mitumbwi, akanieleza. Mdogo wake, Aidani, alikwenda kuvua usipa miaka kadhaa nyuma. Upepo wa kusini ukaamka. Mtumbwi ulirudi wenyewe, yeye hakurudi. Walitafuta mpaka upande wa Msumbiji, hawakupata hata shati. Bila maiti hapakuwa na maziko, na mama alikataa matanga yaanuliwe, kwani kwake hayakuwa yameanza. Kila asubuhi, saa ambazo mitumbwi inarudi, anafungua lile banda na kukaa humo kumsubiri mwanawe aingize nyavu. Hali chakula vizuri. Hasali na wenzake. Padri amekuja, wazee wamekuja, hakuna aliyemtoa.

"Nauza ili mama yangu arudi kwetu, Fundi," Osmund alisema, na macho yake yalikuwa mekundu. "Hilo banda linanilia mama. Mimi niko hai, niko hapa, lakini hanioni. Likiondoka atapona."

Nikamwambia tutalichukua.

Kubomoa banda la mbao kuna adabu yake, sikilizeni. Usianze na ukuta, anza na bati. Misumari itoe kwa kucha ya nyundo huku umeweka kipande cha ubao chini, usije ukaacha vidonda. Kila ubao uandike kwa chaki, ukuta gani na nafasi ya ngapi, kwa sababu mbao zilizokaa pamoja miaka mingi zimeshazoeana, ukizichanganya zitagombana. Na Fundi Kosmas alisisitiza jambo jingine: ukuta uliotazama machweo huko ulikotoka, utazame machweo na huko unakokwenda. Sababu yake ni jua. Ukuta uliozoea jua la alasiri ukiuhamishia kivulini utavimba, na ule wa kivulini ukiuchoma utapasuka. Hiyo ndiyo sababu aliyonipa mimi, na niliiamini.

Bibi Hilda alitazama mbao zikipakiwa bila kulia. Nilipokuwa nafunga kamba alinijia.

"Huko juu, mlango utatazama wapi?"

"Atakakotaka mwenye mali, mama."

"Uutazamishe ziwa."

"Mama, kule Namswea ziwa halionekani. Ni milima mitupu."

"Yeye hatafuti kuona," alisema. "Anatafuta mlango."

Osmund alimshika mabega akamrudisha ndani, naye alikwenda bila kushindana. Fuso lilipoanza kupanda ile barabara ya lami yenye kona, nilijikuta nageuka nyuma mara kwa mara kutazama mzigo, wakati kamba nilizifunga mwenyewe na nilijua hazitalegea.

Kwa Batilda tulisimamisha banda juu ya mawe, tukaweka bati za duara kwenye nguzo kuzuia panya, tukapanga chaga ndani ili magunia yasiguse sakafu. Yote sawasawa. Shida ikawa mlango. Nilimweleza kuhusu jua, nikamweleza na maneno ya yule bibi, nikijitahidi kuyasema kwa utani. Batilda alisikiliza hadi mwisho.

"Fundi, nyumba yangu iko huku mashariki," alisema. "Ukiuweka mlango magharibi utatazama mibuni, na mimi niko jikoni siuoni. Mwizi atapakia magunia huku anapiga mluzi. Sasa akishaondoka, yule bibi ndiye atakayenilipa?"

Alikuwa na haki. Nani asiyejua wezi wa kahawa? Mtu wa milimani hajengi stoo ambayo mlango wake hauonekani kutoka jikoni, hata mimi nisingefanya hivyo uani kwangu. Tukaligeuza banda. Mlango ukatazama nyumba, na ukuta wa nyuma, mbao tupu zisizo na tundu, ukatazama magharibi. Tukafunga kufuli, tukanywa chai na viazi vitamu, nikaenda zangu.

Magunia ya kwanza yalikuwa yameingia ndani aliponipigia simu.

"Baba, kuna mtu anagonga stoo."

"Mwizi hagongi, mama. Mwizi anavunja."

"Anagonga ukuta wa nyuma. Kila asubuhi. Nikizunguka, hakuna mtu."

Nilicheka. Nilimweleza kwamba mbao hulia. Usiku wa kipupwe zinasinyaa, asubuhi zikipata joto zinatanuka, zinatoa mlio wa ko, ko. Hilo ni kweli, mliweke akilini msije mkakimbia nyumba zenu bure. Lakini hakucheka nami, na Batilda ni mtu wa kucheka, basi kesho yake nikachukua pikipiki alfajiri.

Mnajua ukungu wa milima yetu mwezi wa saba. Nilifika kumekucha lakini mibuni ilikuwa haionekani, ilidondosha maji tu. Batilda alinipokea kwa ishara ya mkono, bila salamu, tukasimama kwenye kona ya stoo. Jua lilikuwa bado halijagusa ubao hata mmoja, kwa hiyo hakukuwa na joto la kuziliza mbao.

Ukuta ukagongwa. Si kwa nguvu. Uligongwa kushoto kwanza, ukagongwa tena mbele kidogo, ukagongwa tena mbele yake, kama mtu anayepapasa ukuta akitafuta kitu anachokijua kilipo. Katikati, pale ambapo kwenye banda la ziwani pangekuwa na mlango, ukatulia. Halafu ukagongwa kwa adabu, mgongo wa kidole kimoja, ndivyo nilivyosikia. Hodi ya mtu wa nyumbani.

Mimi ndiye niliyekuwa karibu na kona. Nilichungulia. Hapakuwa na mtu, hapakuwa na mbuzi, hapakuwa na ndege. Ila udongo chini ya ule ukuta, udongo wetu mwekundu ambao mvua ilikuwa haijaugusa kwa wiki nyingi, ulikuwa umekanyagwa ukawa mgumu na sawasawa, kama unavyokuwa mbele ya mlango unaotumiwa na watu wengi. Na hakukuwa na mlango.

Sitawadanganya, niliogopa. Lakini fundi akiogopa hufanya kazi, ndiyo dawa yake. Nikaingia ndani. Ukuta wa magharibi ulikuwa umelowa kuanzia kimo cha goti kwenda chini. Nikapanda juu kukagua bati, halivuji. Nikakagua mawe, makavu. Kuna kipimo kimoja nitakachowapa bure: mkitaka kujua maji yanatoka wapi, bandikeni karatasi ya nailoni juu ya ubao, ndani na nje, mzibe kingo zake kwa gundi. Ile itakayotoa jasho upande wa ubao, huko ndiko maji yanakotoka. Nikabandika. Kesho yake ya nje ilikuwa kavu. Ya ndani ilikuwa imejaa maji, imening'inia kama kibofu. Nikaipasua kwa kisu, na maji yaliyomwagika yaliacha kitu sakafuni. Batilda alikichukua kwa kidole akanionyesha. Ulikuwa mchanga mweupe, laini, wa ufukweni.

"Huu huku kwetu hakuna," alisema.

Tuliyatoa magunia yote tukayarudisha chumbani kwake. Wiki hiyo majirani walishajua, na wenye kuchuma kwa kibarua wakaanza kupata udhuru, huyu kichwa, yule harusi. Kahawa ilikuwa inadondoka chini ya miti. Mmoja akamwambia achome banda moto. Mwingine akamwambia alete mtu wa kulizindika. Batilda alikuwa anaogopa kuliko mimi, lakini alichosema sikukitegemea.

"Fundi, mimi nilizika. Mume wangu najua alipo, Jumapili nikitoka kanisani napita kumsalimu. Huko chini kuna mama hajui wa kwake alipo, na mimi nimemgeuzia mlango. Mwite aje."

Nilipompigia Osmund alikasirika. Alisema hataki kumsikia mtu akimrudisha mama yake kwenye mambo yale, kwamba tangu banda liondoke hali ni mbaya zaidi, sasa anakaa kwenye mchanga mtupu pale banda lilipokuwa, na uji anaunywa kwa kubembelezwa. Sikumwambia habari za hodi. Nilimwambia habari za mchanga tu. Hapo akasema watapanda kesho.

Bibi Hilda alishuka kwenye gari akasalimiana na Batilda vizuri, kwa kushikana mikono, akapewa kiti, hakukaa. Hakuutazama mlango wenye kufuli. Alizunguka stoo hadi nyuma, akasimama juu ya ule udongo uliokanyagwa, akaweka kiganja kwenye mbao.

"Yupo," alisema. "Amepanda mlima wote huu kwa miguu, na yeye miguu yake ilizoea mchanga. Mmemwacha nje kwenye baridi."

"Mama, tuliogopa wezi," Batilda alisema, na akaanza kulia.

"Usilie, mwanangu. Hukujua." Kisha akanigeukia mimi. "Kata."

Nilimtazama Batilda, kwa kuwa mwenye mali ni yeye. Akafuta uso kwa khanga. "Kata, Baba."

Osmund alisimama kwenye mibuni, mikono mfukoni. "Huu ni upuuzi," alisema, lakini hakuondoka.

Nilisubiri asubuhi iliyofuata kwa sababu bibi alitaka iwe saa ya mitumbwi. Ukungu ulikuwa mzito. Bibi Hilda alikuwa ndani, ameketi kwenye chaga, kitenge kimefunika miguu. Nilipima katikati ya ukuta, nikachora kwa penseli, nikaanza kukata kwa msumeno wa mkono. Mbao zilikuwa zimelowa, msumeno ulipita bila kelele. Nilitoa ubao wa kwanza, wa pili, wa tatu, nikaziegemeza kando. Nilipotoa wa mwisho baridi iliyopita mbele yangu haikuwa ya ukungu. Ilikuwa na harufu ya maji mapana. Nilisogea pembeni kama unavyompisha mtu mwenye mzigo.

Sakafu ya mbao ilianza kulowa kuanzia kizingitini. Alama moja, nyingine mbele yake, zikielekea ndani. Batilda alinishika mkono wa shati. Zilifika mbele ya bibi, zikakoma. Hatukusikia kitu chochote.

"Umechelewa, baba," Bibi Hilda alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayemgombeza mtoto aliyerudi jioni, yenye hasira kidogo na furaha nyingi. "Basi. Umefika. Lala."

Maji yakatandaa sakafuni, taratibu, yakawa marefu. Yalipotulia yalikuwa na mabega. Niliyaona, Batilda aliyaona, na Osmund, aliyekuwa ameshasogea hadi kwenye tundu la mlango, aliyaona akapiga magoti.

"Fundi," bibi alisema, "mpime."

Nimetengeneza majeneza mengi maishani, ni kazi ya kila fundi wa mbao, msidhani mtaikwepa. Nimepima wazee, nimepima watoto, nimepima na rafiki zangu. Sijawahi kupima sakafu. Nilitoa futikamba. Osmund akanyoosha mkono wake, akashika ncha ya futikamba kule kichwani, nami nikaivuta hadi miguuni. Nilipotaja kipimo aliitikia kwa kichwa.

"Alikuwa ananizidi kidogo," alisema. "Ndiyo."

Jeneza nililitengeneza kwa mbao nilizokata kwenye ule ukuta. Zilikuwa zimelowa asubuhi, na mchana nilipoziweka kwenye benchi zilikuwa kavu, tayari kwa randa. Ukuta nao ulikauka siku hiyo hiyo na haukulowa tena. Batilda alipewa stoo yenye milango miwili, wa magharibi nikautia komeo la chuma na kufuli kubwa kuliko la mbele, maana wezi hawakuacha kuwa wezi. Vibarua walirudi. Kahawa yake ilikauka vizuri, mwonjaji wa chama cha ushirika hakupata harufu ya kitu chochote.

Kwa hiyo mnaniuliza, nijenge au ninunue? Nunueni, vijana, kama mbao ni kavu na nguzo hazijaliwa na mchwa. Gongeni, nuseni, angalieni misumari kama imepiga kutu. Lakini mkimaliza hayo kaeni na mwenye banda, mnywe naye chai, mumuulize nani alikuwa analitumia na mlango ulitazama wapi. Akijibu kwa macho makavu, chukueni. Asipojibu, mwambieni mtarudi kesho, na mjenge ya kwenu hata kwa mlingoti mbichi, bora mcheke kichanja. Na kama mmeshanunua, usiku hamlali, msikimbilie kuchoma. Tafuteni mama wa mtu.

Lile jeneza lilipokwisha tuliteremka nalo ziwani kwenye pikapu. Padri wa kwao alikuwa ameshazungumza na Bibi Hilda faraghani, na alipotoka alisema atasali sala zote, hataruka hata moja. Kijiji kizima kilikuja. Kutoka barabarani hadi makaburini ni mwendo mfupi wa mchangani, na jeneza lile lilikuwa na kitenge kimoja cha Bibi Hilda ndani, basi. Asubuhi nililishusha kutoka kwenye benchi mwenyewe, mzee huyu mwenye magoti mabovu, na kulibeba hadi mlangoni.

Vijana wa pale, wavuvi wenye shingo nene, walilitoa kwenye pikapu wakilichukulia kwa wepesi, kwani walijua halina maiti na mmoja alikuwa ameshatania. Hatukufika mbali. Miguu yao ilianza kuzama mchangani. Aliyetania akasimama, jasho linamtiririka, akaniangalia.

"Mzee, mmetia nini humu?"

Nilikuwa bado natafuta la kujibu. Osmund alipenya katikati yao, akaweka bega lake chini ya jeneza upande wa kichwani, akalibeba.

"Ndugu yangu," alisema.

Tukabadilishana mabega, tukaendelea.